Sentimita Nne

Karakana ya Otakar haina dirisha upande wa kaskazini.
Theluji imepanda hadi kwenye bawaba.
Ndani kuna taa moja, jiko la makaa,
na Skoda ya mwaka sitini na saba, rangi ya maziwa yaliyoganda,
juu ya stendi kama mgonjwa aliyepandishwa shati.

Mimi niko chini yake.

Tazama: injini iko nyuma,
na ubavuni mwa giaboksi imetoka mikono miwili,
kila mmoja una kiungo kimoja tu, begani.
Hakuna kiwiko. Hakuna kifundo.
Mkono ukishuka, gurudumu huinama nao.
Ndiyo maana huitwa ekseli ya bembea,
ingawa sijasikia mtoto aliyecheka juu yake.

Husemwa kuteleza si kuanguka.
Gari hili likiteleza huinuka kwanza.

Kaka yangu Bořivoj alilijua hilo kwa sekunde moja na nusu,
Oktoba, kwenye kona iliyo chini ya kiwanda cha mbao,
majani yaliyooza yametandazwa barabarani kama sabuni.
Aliingia kwa kasi, akaogopa, akaachia mafuta.
Uzito wote ukakimbilia puani,
nyuma ikasimama kwa vidole kama anayechungulia ukuta,
gurudumu la nje likajikunja chini ya tumbo,
na anga ikapita upande usio wake.

Alitoka na ubavu umevunjika,
na kabichi chachu ya mama nyweleni.
Funguo alinipa
kama mtu anayekukabidhi mbwa aliyemng'ata.

“Usimcheke,” alisema Otakar,
ambaye miaka thelathini alichomelea matrekta ya ushirika
na hadi leo huzungumza na chuma kwa kukigonga.
“Mwoga wa mapema hupona. Jasiri huenda akapona.
Hili humwadhibu anayeogopa katikati.”

Basi tulianza na sentimita nne.
Tulikata springi, mzunguko mmoja na robo,
cheche zikaruka hadi kwenye kikombe changu cha chai,
na gari likashuka, likapanua nyayo
kama mlevi anayejua kwamba amelewa.

Kisha mikanda ya turubai, iliyotoka kwenye lori la jeshi:
mkono ushuke hadi hapa, usipite.
Shokamzoba mpya, ngumu kuliko za zamani
(mfupa wa kiuno utalipa, nalijua hilo).
Kisha bapa la springi la tela la viazi,
limepita chini ya giaboksi kutoka mkono hadi mkono,
limeshikwa katikati na pini moja
ili gari lilale huku, lilale kule, lipendavyo,
lakini mikono yote miwili isianguke pamoja.
Siku tatu za kutoboa. Keekee mbili zilikatika.
Otakar alitukana kwa Kijerumani, lugha ya babu yake,
kwa sababu, alisema, Kicheki kimeisha.

Mwisho, upepo wa matairi:
mbele kidogo, nyuma mwingi,
ili pua ichoke kabla ya mkia.

Machi, barabara ikakauka.
Bořivoj alikubali kukaa kiti cha abiria,
amevaa glavu moja, nyingine ameisahau,
mkono mtupu umeshika mpini wa mlango.
Harufu ya msonobari uliopasuliwa ikaingia.
Kona ikafunguka.
Nikaachia mafuta. Kwa makusudi.

Mkia ulisogea shubiri moja,
ukafikiri,
ukarudi.

Hakusema kitu hadi darajani.
Kisha: “Rudia.”
Nikarudia.
“Tena.”
Wachana mbao wawili waliacha msumeno, wakatutazama
kama watu wanaotazama familia ikigombana kimyakimya.

Mara ya nne aliniambia nisimame.
Akashuka, akazunguka mbele ya gari,
akapiga tairi teke moja dogo,
akafungua mlango wangu.

“Huku mbele,” aliuliza, “umejaza upepo kiasi gani?”